Kebo Moja, Nyumba Mbili

"Wewe Berna! Orodha ya dawa za mama yako inafanya nini kwenye printa yangu?" Mzee Walt, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa mlangoni, karatasi mkononi.

"Na orodha yako ya pierogi, zile sambusa za kuchemsha za parokia, imetoka kwangu, mzee. Kurasa kumi na nne! Wino wangu wote umekwisha."

"Kumbe unasoma barua za watu!"

"Nisome nini? Za viazi dazeni tatu, za jibini dazeni mbili?"

Berna alikuwa amechoka hata kugombana. Aliamka alfajiri akamwogesha mama yake mgonjwa, kisha akapanda kwenye chumba cha darini, anakopokea simu za kampuni ya bima kwa kompyuta. Intaneti ya hewani haifiki kule. Kwa hiyo alinunua adapta mbili zinazopitisha intaneti ndani ya kebo ya zamani ya televisheni: moja kwenye ruta, nyingine darini. Siku ya kwanza, raha. Baadaye simu zikawa zinakatika kila mchana. Mkubwa wake alishasema: ikikatika tena, urudi ofisini. Na mama abaki na nani?

Odessa, jirani wa ng'ambo aliyefanya kazi ya kufunga kebo miaka thelathini, akavuka barabara. Ugomvi wa mtaa ule haukuwahi kumpita.

"Watu wamezima televisheni wawasikilize nyinyi! Kuna nini?"

Wakamweleza, wote kwa pamoja.

"Mzee Walt, na wewe una adapta hizi?"

"Mwanangu aliniwekea Krismasi."

"Na mchana unafanya nini?"

"Nazima ruta, nalala kidogo. Kitu kiwake bure? Sikulelewa hivyo."

Odessa akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nyumba hii ilikuwa moja kabla ya kukatwa pande mbili. Kebo zenu bado zinakutana kwenye kisanduku cha nje. Intaneti ndani ya kebo ni kama harufu ya kitunguu: usipoifungia mlango, inakwenda kwa jirani. Kompyuta ya Berna imeshika ruta yako. Ndiyo maana karatasi zenu zinapotea njia, na ukizima, simu yake inakatika."

Berna akakaa kwenye ngazi. "Sasa tufanyeje, dada?"

"Kila mmoja aweke kichujio pale kebo inapoingia kwake, kabla haijagawanywa kwenda vyumbani. Ni kidude kidogo kama kidole. Mawimbi ya adapta zako hayatoki, ya jirani hayaingii, na huduma ya kampuni inapita kama kawaida. Halafu adapta za kila nyumba zipewe nywila yake. Ila kisanduku cha nje ni cha kampuni, msikiguse."

Kesho yake asubuhi Odessa akaleta vichujio viwili, wakavifunga kwa mkono, wakaweka nywila.

Mchana ulipofika, Berna alikuwa akiongea na mwanamke aliyeezuliwa paa na upepo. Nyuma ya ukuta akasikia Mzee Walt anaanza kukoroma. Ruta imezimwa, basi. Akabana pumzi.

"Bado upo, binti?" ikauliza sauti kwenye simu.

"Nipo, mama. Endelea."

Jioni miguu ilikuwa mizito kama matofali. Alipofungua mlango apate hewa, Mzee Walt alikuwa amesimama kwenye mlango wake wa pili, anasubiri.

"Imekatika?"

"Haikukatika hata mara moja."

Mzee akamtazama usoni. "Umekula?"

"Nitakula saa ngapi, mzee?"

"Basi ingia. Nina tambi na kabichi, bado za moto. Na mama yako nimeshampakulia."