Ramu Yenye Joto la Mtu

Apa kwanza. Si hivyo, apa vizuri, mkono kifuani, kwamba maneno haya yataishia hapa hapa tulipoketi. Mimi mwenyewe nilimwapia binti wa marehemu mdogo wangu kwamba sitafungua mdomo hata nikikabwa koo, na nimejitahidi tangu asubuhi. Sasa imetosha. Sogeza kiti.

Huyo binti kazini wanamwita Fundi. Ni fundi wa kompyuta wa hospitali, na anashinda kwenye chumba kisicho na dirisha, baridi kama ndani ya friji, akiitunza seva yenye mafaili ya wagonjwa wote. Shule mimi niliiona kwa mbali, lakini alinieleza mpaka nikaelewa. Ndani ya seva mna kibao kidogo chenye akili zake. Mafundi wanakiita Mnyapara. Seva ikizimwa, Mnyapara halali. Kazi yake ni kujua kila kiungo kilichomo, feni, diski, ramu, yaani vijikadi vya kumbukumbu vyenye safu ya meno madogo ukingoni, kipi kipo na kina joto gani. Akishahesabu anaweka kichwani, ili akiulizwa asichelewe kujibu. Shida yake, mara nyingine huganda na hesabu ya zamani. Kitu kimeondoka, yeye ameshikilia kipo. Ndipo fundi humfuta kumbukumbu na kumwasha upya, ahesabu tena.

Jumatatu hiyo ilianza kama Jumatatu zote. Fundi alisalimiana na mlinzi, halafu akakutana na Shemeji kwenye korido. Shemeji ni fundi wa viyoyozi; si shemeji wa mtu, basi tu utani wake ulimpa jina.

"Dada, umependeza hivyo, unaenda kuposwa?"

"Na wewe umenuna hivyo, umeachwa?"

Wakacheka, kila mtu akashika njia yake.

Jua halijapanda sana, mapokezi wakaanza kupiga kelele kuwa mafaili hayafunguki na wagonjwa wamejaa. Fundi akamuuliza Mnyapara. Skrini ikajibu: ramu zote zipo. Akazima seva, akatoa kifuniko. Nafasi moja ilikuwa tupu.

Hapo hapo mkuu wa kitengo akaingia, mlinzi nyuma yake.

"Skrini inasema ipo," alisema mkuu. "Umefungua wewe, haipo. Umeipeleka wapi?"

"Bosi, skrini imeganda. Itakuwa ilitolewa jana, seva ilipozimwa kwa matengenezo ya viyoyozi."

"Imetolewa jana, leo bado inahesabiwa? Usinifanye mtoto. Mlinzi, mwaga hilo begi."

Likamwagwa. Chanuo, dawa ya kikohozi ya mwanawe, soksi moja. Fundi aliitazama ile chupa ya dawa ikibingirika, akaona maisha yake yote yanaenda nayo. Ukishaitwa mwizi wa vifaa vya hospitali, nani tena atakupa ufunguo wa chumba chake?

Watu walishaanza kujaa mlangoni. Nesi mmoja mtu mzima. Shemeji naye, kwenye ovaroli lake, akapenya mpaka mbele.

"Bosi, mwogope Mungu! Dada huyu hawezi kuiba hata pini. Kama kuna polisi, waanze na mimi!"

Fundi nusura alie kwa shukrani. "Nipeni nafasi moja tu," alisema. "Nimfute kumbukumbu mbele yenu. Akihesabu upya atasema haipo, na mtajua alikuwa ameshikilia ya zamani."

Akafuta. Akamwasha Mnyapara upya, akawasha na seva yenyewe, kifuniko kikiwa wazi. Feni zikavuma. Wote wakakodolea skrini.

Feni zipo. Diski zipo. Ramu, zote zipo.

Na ile nafasi tupu kila mtu alikuwa anaiona kwa macho yake.

"Umefuta kweli?" mkuu alinong'ona.

Fundi akafuta tena. Safari hii akachomoa na waya ukutani, hata Mnyapara mwenyewe akafa. Akangoja. Akachomeka, akawasha.

Ipo.

Pembeni pakatokea joto lake. Ramu nyingine zilikuwa na baridi ya chumba. Hii ilisoma thelathini na saba.

"Hilo ni joto la mtu," alisema nesi.



Shemeji akasema ameitwa wodini, akaanza kurudi nyuma. Namba ikashuka. Akasimama. Namba ikasimama. Fundi aliiona, na hakutaka kuiona.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo. "Rudi kidogo."

"Dada, na wewe tena?"

"Rudi tu."

Hatua moja. Ikapanda. Nyingine. Ikapanda. Mlinzi akausukuma mlango ukajifunga.

"Mtaamini bati mniache mimi?" Shemeji alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka, kwenye baridi ile.

Feni zikanyamaza. Zote. Kwa pamoja.

Namba ikaanza kupanda yenyewe. Arobaini. Hamsini. Shemeji hakuwa amesogea. Sabini. Alikuwa anafumba na kufumbua mdomo tu. Tisini.

Akapiga yowe. Akajishika kifua, akararua vifungo vya ovaroli, akaingiza mkono, akatupa kitu sakafuni. Leso nyeupe, imefungwa fundo. Mkuu akaifungua mbele ya wote.

Ramu.

"Kumbe ni wewe," Fundi alisema. "Na ulikuwa unanitetea."

"Ningekutetea mpaka mwisho, dada," alijibu Shemeji, mlinzi akiwa ameshamkunja mkono mgongoni. "Hata mahakamani ningekuja."

Mkuu alikuwa ameishika ile ramu, akaiachia haraka mezani. Ilikuwa baridi kama barafu. Akaigeuza leso huku na huku kwenye mwanga. Haikuwa na doa la moto, hata ukungu wa moshi.

Nesi akamsogelea Shemeji amtazame pale alipoungua. Akafunua ovaroli. Kifuani, upande wa moyo, palikuwa na safu ya vidonda vidogo vidogo, vimebanana, damu ndiyo kwanza inachipuka. Nesi akanyoosha kidole, kisha akakirudisha bila kugusa.

"Huyu hajaungua," alisema. "Ameng'atwa."