Mstari Uliolala

Fundi saa alikutwa amekufa kitandani hospitalini, damu imeganda nyuma ya sikio. Uzi mwembamba kuliko unywele, uliokuwa umepandikizwa ubongoni mwake, ulikuwa sakafuni. Kwenye ncha yake kulikuwa na kihisio kidogo kama chembe ya mchanga.

"Umevutwa kwa nguvu," alisema daktari wa uchunguzi. "Damu imevujia ndani."

Inspekta alimgeukia mhandisi wa kihisio. "Kilipima nini?"

"Dopamini, afande. Kemikali ya ubongo. Mgonjwa alipooza, hasemi. Mtu akiingia, mstari kwenye skrini unaruka."

"Mtu yeyote?"

"Wauguzi, mdogo wake, hata mimi. Mkewe tu ndiye akiingia unalala."

"Nionyeshe jana jioni, tangu mlango ulipofunguka."

Kwenye kumbukumbu ya skrini, mlango ulifunguka. Mstari haukutikisika. Kisha ukakatika.

Mke aliitwa. Aliketi wima, mkoba mapajani.

"Mama, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Aliyeingia hakuurusha mstari. Wodi nzima, mtu huyo ni mmoja."

Mama alicheka kicheko kikavu. "Kumbe hata polisi mnajua! Basi nimekwisha."

"Nani mwingine alijua?"

"Shemeji yangu. Huniambia, 'Ona kaka anavyonifurahia! Wewe shemeji umeshachuja.' Utani, ati. Mimi ndiye ninayemwogesha. Ninayemlisha, ninayemgeuza ubavu. Jana nikamwambia, baba, nifurahie hata kidogo. Nikasubiri. Mstari kimya. Nikauvuta ule uzi. Sikujua utamuua, mwanangu. Nilitaka ile skrini izimike."

Mhandisi, aliyesimama mlangoni, alijishika mdomo.

"Mama, tulikosea kutokueleza. Ule mstari haupimi mapenzi. Unaruka kwa jambo asilolitarajia. Sisi tulimshtukiza. Wewe alishajua unakuja."

"Usinibembeleze."

Inspekta aliirudisha kumbukumbu nyuma, kabla ya mlango kufunguka. Hapo mstari ulikuwa umepanda juu sana, kuliko kwa mgeni yeyote.

"Hii nini?"

"Amesikia kandambili za mama koridoni," alisema mhandisi kwa sauti ndogo. "Furaha ilimjia hapo. Sisi macho yetu yote yalikuwa mlangoni."

Mama aliitazama miguu yake.

"Hata jana?"

Inspekta, pingu mkononi, aliutazama tena ule mstari uliopanda.

"Hata jana, mama."