Aliyelala Upande wa Ukutani

Wiki ile ile ya harusi, fundi vioo alimwambia mkewe, "Mke wangu, miguu yako ina baridi kama bomba la maji. Umeniwekea mgongoni usiku, nikadhani nimeshakufa."

Mkewe alicheka kidogo, kwa adabu tu. Alikuwa amelala na soksi, tena amempa mgongo. Lakini mwanamume aliyeoa juzi husema mengi, akaliacha lipite.

Kazini mke huyo walimwita Kimya. Alikuwa dobi wa hospitali, miaka nenda miaka rudi akikunja mashuka ya wagonjwa katika nchi isiyo yake, mpaka nchi hiyo ikampa kibali cha ukaazi wa kudumu. Mumewe alitoka kwao vilevile, ila kibali chake kilikuwa cha muda, nacho kilikuwa ukingoni. Walipendana kweli, kabla hata ya kutajiana habari za makaratasi. Lakini ofisi ya uhamiaji haina mizani ya mapenzi. Ili jina jipya la Kimya liingie kwenye kadi yake, na mumewe aruhusiwe kubaki kwa ndoa hiyo, iliwabidi wahojiwe. Wakishindwa, mume angerudishwa kwao na mke angebaki na pete.

Kimya hakuogopa. Hakuwa mtu wa kuogopa, wala wa kufurahi sana. Siku ya harusi wifi zake walilia mpaka wanja ukawachuruzika, yeye akawa anatazama jinsi kitambaa cha meza kilivyopigwa pasi vibaya.

Ofisa aliyewahoji, mmoja mmoja, alikuwa mama wa makamo mwenye mafua. Alimumunya peremende na kuuliza kama anayeuliza bei ya nyanya. Nani huamka kwanza? Pazia la chumbani rangi gani? Mkeo hulala upande gani? Kisha akawaita wote wawili.

"Bwana, umesema mkeo hulala ukutani."

"Ndiyo, mama."

"Bibi amesema hulala upande wa mlangoni, kwa sababu ya zamu ya asubuhi."

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Na umesema mkeo huwa anakuimbia mpaka usinzie."

"Huniimbia," fundi akasema, macho chini kwa haya. "Polepole. Hapa sikioni."

"Mimi siimbi," Kimya akasema.

Ofisa akawatazama kwa zamu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Ndoa za kutengeneza naziona kila siku. Nyinyi hamfanani na watu hao, ndiyo maana nitawaita tena. Lakini mkirudi, muwe mmekubaliana kitandani kwenu kuna nani."

Walirudi kwa miguu. Walipofika kwenye ngazi za nyumba yao, fundi akanong'ona, "Wewe kweli hulala mlangoni?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nikigeukia ukutani nakukuta."

"Na ukigeukia mlangoni?"

"Nakukuta pia. Nilidhani huwa unanivuka nikiwa usingizini."

Waliingia chumbani jua likiwa bado halijazama, wakakikokota kitanda mpaka katikati ya chumba. Hapo wakasikia harufu ya chuma kilicholowa, ambayo kila mmoja alikuwa ameisikia na kudhani ni ya kazi ya mwenzake, wakaona godoro limebonyea upande mmoja, bonyeo refu la mtu aliyelala kiubavu, na fundi alipolisukuma kwa kiganja ili linyanyuke lilinyanyuka, halafu polepole, mbele ya macho yao, likabonyea tena, kwanza nyonga, kisha bega, kisha pale panapowekwa kichwa.

Kesho yake mchana akaja shangazi yake fundi aliyeishi mji huohuo, mwanamke mnene wa maneno machache, ambaye watu walimwita wakipatwa na mambo ya majini. Akafukiza ubani, akamkalisha Kimya kitandani, akamshika kisogo, akasoma kwa sauti ya chini mpaka jasho likamtoka. Kimya hakusikia maumivu. Alisikia tu mdomo wake ukifunguka na kusema, kwa sauti tamu isiyo yake:

"Sikumvamia. Alikuwa anarudi chumbani peke yake, anazisalimia kuta. Siku moja nikaitikia."

"Unataka nini kwake?" shangazi akauliza.

"Mama yake alipofariki kwao, makaratasi ya huyu yalikuwa ofisini, hakuweza kusafiri kwenda kuzika. Akataka kufa. Nikamwambia, nipe hicho kilio nikushikie. Akanipa. Tangu hapo uchungu nakula mimi, yeye anapumzika."

"Na mimi unanitakia nini?" fundi akauliza.

"Wewe ndiye uliyelala mahali pangu."

Shangazi akaufunga mdomo wa Kimya kwa kiganja. "Mwanangu, nisikilize. Likitoka litakuachia lilichokula. Utalia kilio cha miaka yote kwa mpigo. Hiyo ndiyo dalili. Usipolia, ujue halijatoka. Na wa kulifukuza ni wewe, maana wewe ndiye uliyelikaribisha."

Kimya akamtazama mumewe. Akaona jinsi anavyotetemeka, akajua kwamba inampasa kumhurumia.

"Toka," akasema.

Kioo cha dirisha kikapasuka toka juu hadi chini. Harufu ikakatika. Fundi akalia kama mtoto. Macho ya Kimya yakabaki makavu.

"Kilio kitakuja," shangazi akasema, akijifuta jasho. "Wengine huchelewa."

Walihojiwa tena, na kila jibu likaoana na mwenzake. Kadi mpya ikatoka na jina jipya, fundi akapata kibali, akabadilisha kioo kilichopasuka huku akipiga mluzi. Sasa alilala ukutani, na hakuna kilichomgusa.

Jioni moja, mumewe akiwa bado kazini, Kimya alikuwa anakunja shuka lao alipokumbuka vidole vya mama yake vikimfunga kitambaa kichwani. Kitu kikamwanzia tumboni. Kikapanda, kikubwa, kizito, hakina mwisho, akaanguka juu ya shuka, na hata kabla sauti haijamtoka alijua kwamba hatakiweza, kwamba hakuna mtu aliyeumbwa kukibeba hicho akabaki mzima. Akaugeukia ukuta.

"Nishikie," akanong'ona.

Kikaondoka papo hapo, kama mzigo unaopokewa mlangoni. Akainuka, akalikunja shuka, pembe kwa pembe.

Simu ikalia. Alikuwa shangazi.

"Vipi mwanangu, umelia?"

"Nimelia sana, shangazi."

"Ah, tushukuru. Basi limekwenda."

"Limekwenda," Kimya akasema, na nyuma yake kitanda kikalia taratibu, kama mtu anayejisogeza kuacha nafasi.