Anwani Iliyokatwa

Katika wodi ya watoto njiti mjini Tabora, mwaka 2094, mapafumeme kumi na mawili yalikuwa yakiwapumulia watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kila moja lilihisi kifua cha mtoto na kumpimia hewa yake. Programu iliyoyaongoza ilikuwa ya Java, lugha ya enzi za mababu inayofanya kazi kwenye mfumo wowote wa kompyuta. Lakini kusukuma hewa kulitaka wepesi zaidi, kwa hiyo programu iliita maktaba asilia, yaani msimbo uliotengenezwa kwa ajili ya mfumo mmoja tu. Kila mfumo, wa zamani na mpya, ulikuwa na nakala yake ya maktaba hiyo.

Asubuhi hiyo mapafumeme sita ya mfumo mpya yalizimika. Wauguzi wakashika mipira ya hewa, wakaanza kuwapumulisha watoto kwa mikono.

Mhandisi Nyamizi Lugendo aliyawasha. Yakaenda dakika tisa, yakazimika tena. Mkuu wa kitengo alisema hiyo ni kazi ya Mwalimu Kahabuka, aliyemfundisha Nyamizi na kuiandika maktaba hiyo, akastaafishwa mwaka uliopita kwa hitilafu kama hii. Akataka ifutwe yote.

Nyamizi aliomba saa moja. Alizilinganisha nakala mbili mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa mia nne na kumi akaliona kosa. Anwani ya kumbukumbu, yaani namba inayoielekeza mashine data ilipo, ilihifadhiwa katika aina ya namba ambayo mfumo wa zamani huipa baiti nane, na mfumo mpya nne tu. Kumbukumbu ilipojaa, anwani zikarefuka, zikakatwa nusu, na mashine ikapotea njia. Akarekebisha. Mapafumeme yakawaka, dakika tisa zikapita, kisha ishirini. Wauguzi wakaachia mipira, vidole vimekakamaa.

Mkuu alimpa mkono wa pongezi. Nyamizi akaupokea, kisha akasema, “Nakala ya mfumo mpya niliitengeneza mimi. Mwalimu hakukosea, hata mwaka jana.”

Mchana alimpigia simu Kahabuka, aliyekuwa Bukoba.

“Shikamoo, Mwalimu. Kosa lilikuwa langu. Nimeliandika kwenye ripoti, kwa jina langu.”

“Marahaba.” Mzee aliuliza, “Watoto je?”

“Wote wanapumua.”

“Mwaka mzima nimekuwa naona aibu kusema nilikuwa mwalimu,” alisema Kahabuka. “Leo nitatoka nje niwaambie majirani nilimfundisha nani.”