Jamaa ya Mumbere Hainywi

"Lydie, leta kopo. Wageni wanangojea."

Sauti ya baba ilitoka mu salon, chumba ya wageni. Lydie alikuwa jikoni, kopo ya bia mu mukono moja, telefone mu mukono ingine. Message ya Mumbere ilikuwa imeingia sasa hivi:

"Chérie, baba yako anasema bila kunywa, posa hakuna. Nifanye nini?"

Akajibu haraka: "Ukikunywa, sikubali kuolewa na weye. Ukikataa, baba atakufukuza. Omba Mungu."

Muone taabu ya binti wa watu. Mumbere wake, motard wa kubeba watu na pikipiki kule Mudzipela, alikuwa mulevi wa lotoko, ile pombe kali ya kupikwa nyumbani, mpaka pikipiki yake ilikuwa inajua yenyewe njia ya kwenda kwenye pombe. Aliacha kunywa kwa musaada wa kikundi ya wajirani wenye waliacha pia. Wanakutana nyuma ya kanisa, wanalia, wanachekana, halafu wanasindikizana nyumbani. Jamaa yake ilibaki Beni sababu ya vita. Basi siku ya posa, nani alisimama kama jamaa? Walevi wa zamani, wote. Na desturi ni desturi, walipaswa kuleta casier, sanduku nzima ya chupa za bia. Njiani waliibeba wawili wawili, mutu asibaki peke yake na ile kitu.

Lydie akaingia salon.

"Mupe ule mwenye ulichagua," akasema baba yake, muzee Zacharie.

Akapiga magoti mbele ya Mumbere. Mumbere akaangalia povu, akarudisha mikono nyuma.

"Baba, unisamehe. Siwezi kukunywa."

"Unazarau kopo ya binti yangu?"

"Mimi nilikuwa mulevi, baba. Nikionja kidogo tu, leo sitafika kwangu."

Muzee akamugeukia Lydie.

"Ulijua?"

"Nilijua, papa. Nampenda vile vile."

"Hapana. Mulevi haoe mu nyumba hii. Mubebe casier yenu muende."

Lydie akatua kopo chini. Hapo mama Hortense, mukubwa wa kikundi, akasimama pole pole. Zamani yeye njo alikuwa anapikia mutaa muzima lotoko.

"Muzee, hunikumbuke?"

"Sikujui, mama."

"Ulikuwa unanunua kwa dirisha yangu ya nyuma. Kila jeudi, siku ya alhamisi, na kofia imefunika macho."

Mama Suzanne, muke wa muzee, akainua kichwa.

"Jeudi? Jeudi si siku yako ya chorale, ya kuimba kanisani?"

"Suzanne, tuko na wageni."

"Unaimbaka sauti gani, Zacharie?"

"Basse, ile ya chini."

"Imba, tusikie."

Muzee akafungua kinywa. Kukatoka kikohozi. Moïse wa kikundi, mwenye alikuwa amekalia casier ili mutu asiiguse, akacheka mpaka chupa zikalia chini yake. Hata Lydie alijiuma midomo.

Lakini muzee hakucheka. Aliikala kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

"Kila jeudi najiambia leo ni ya mwisho," akasema. "Natoka nimeapa, narudi nimekunywa."

"Unajaribu na nani?" akauliza Hortense.

"Peke yangu."

"Aa, muzee. Peke yake mutu haachake. Kuya kwetu, hatuna kofia kule."

Mama Suzanne alikuwa angali na kasirani, ilikuwa inaonekana. Lakini alivuta kiti, akaikala karibu na bwana yake.

"Tutaenda wawili," akasema. "Na njiani utaniambia yote."

Muzee akamugeukia Mumbere.

"Mutoto, mimi sikuweza kumukatalia hata jirani kopo. Weye umekatala mbele ya baba mukwe, na muchumba wako alikuwa hapo anakuponyoka. Lydie, mwaga hii bia nje, halafu utuletee chai. Posa imekubaliwa."

Hortense akapiga vigelegele, wengine wakamufuata. Lydie alibaki kwa magoti, machozi inashuka.

"Unalia nini tena?" akauliza Mumbere. "Si tumeshinda?"

"Niliogopa utakunywa."

"Na mimi," akasema Mumbere, akamushika mukono. "Na kesho nitaogopa tena. Unakubali kuniogopea?"

"Nimekubali."