Kengele Ndani ya Laptop

Haya yalimkuta rafiki yangu Rogathe, mwalimu kule Nambis. Aliagiza mtandaoni laptop iliyotumika kutoka nje ya nchi, akaichukua stendi ya Mbulu na kuiwashia nyumbani, pembeni ya ng'ombe wao anayelala humo humo ndani.

Ndani ya laptop mlikuwa na video moja, yenye tarehe ya miaka mitatu nyuma. Picha ilikuwa giza tupu. Shoka lilisikika likivunja mlango, kisha likaanza kupasua mifupa huku mwanamke akimwita mama yake kwa Kiiraqw, lugha ya kwao Rogathe. Rogathe alinyoosha mkono kuizima. Humo kwenye video kengele ya ng'ombe ikalia kwa mkwaruzo, kama imepasuka.

Mama yake akaingia na majani.

"Rogathe, mbona kengele yetu inalia humo?"

Kengele yao ilipasuka jana yake tu, ng'ombe alipoigonga kwenye jiwe.