Maji Aliyoyameza Bibi Mwaija

Mimi ni mtu wa kinyaa, sikatai. Kikombe alichonywea mgeni nakisuuza mara tatu, na nzi akitua kwenye mboga, mboga hiyo siigusi tena. Mkijua hilo mtaelewa kwa nini siku ile nilifanya nilichofanya.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, pale Sindeni, miezi michache tangu tuhamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa. Mume wangu, Mwalimu Mbwana, alikuwa ameandika riwaya, ya kwanza maishani mwake, na wachapaji wa Dar es Salaam walikuwa wamemletea kurasa za prufu asahihishe makosa. Walimpa wiki mbili. Akichelewa, kitabu kingesubiri hadi karatasi nyingine zipatikane, na mwaka ule karatasi zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Maskini, muda wenyewe hakuwa nao. Asubuhi darasani, mchana shamba la kijiji na jembe, alasiri elimu ya watu wazima, jioni mkutano. Prufu alizisoma akila, na alizisoma akinawa miguu.

Tuliishi na bibi yake, Bibi Mwaija, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Bibi alikuwa mtu wa tumbaku ya kutafuna. Meno yalibaki manne, ya kahawia, na mate yake yalivutika kama mlenda. Kwao Mbwana ilikuwa desturi: mtu akianza jambo kubwa, mkubwa wake hujaza maji mdomoni akampulizia kifuani, na kazi yake nayo hupuliziwa. Siku prufu zilipofika, bibi akachota maji kwa kata.

"Njoo, mjukuu wangu, nikupulizie," alisema. "Na hizo karatasi zako zilete."

Akapiga funda. Mbwana alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya shati. Mimi nikaona yale maji yamegeuka kahawia pembeni mwa midomo, yanachuruzika kidevuni. Nikazinyakua karatasi, nikasimama katikati yao.

"Samahani, bibi, utazilowanisha. Na wanafunzi wanamngoja Mwalimu. Utampulizia kesho."

Mdomo wa bibi ulikuwa umejaa. Aliniangalia mimi, siyo mjukuu wake. Kisha akameza. Niliyasikia yakishuka.

Kesho ilipita, na keshokutwa, kila mtu ana haraka zake. Siku ya nne bibi akafariki. Matangani Mbwana alikaa mkekani na waombolezaji, prufu kazifunika kwa kanzu, anasahihisha. Aibu ile niliiona nikanyamaza, kwa kuwa na mimi nilikitaka kitabu.

Siku ya pili baada ya maziko nilikuta tone kwenye ukurasa wa kwanza. Zito, la kahawia. Nikadhani ni kuku. Nikalifuta kwa kitambaa, likavutika. Lilikuwa la uvuguvugu.

Kesho yake zilikuwa kurasa kumi. Wino ukaanza kutawanyika. Mbwana akazifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akauvaa shingoni. Siku tatu tukapumua. Siku ya nne, mchana wa jua kali, nilikuwa nachambua mchicha karibu na sanduku hilo. Nikasikia kitu. Taratibu. Ndani mle mlikuwa na mtu anatafuna.

Basi la Korogwe lilikuwa la asubuhi iliyofuata. Dereva wake, Gregori, ndiye angezifikisha prufu posta. Kulipokucha tukafungua sanduku. Kurasa zote zilikuwa zimeshikana, zimelowa chepechepe, zinanuka tumbaku na mdomo wa mgonjwa. Hakuna neno lililosomeka. Nilitapika palepale mlangoni.

"Hajamaliza," Mbwana alininong'oneza. "Alijaza maji, hakupuliza."

Akazichukua prufu. Akapiga magoti, prufu mapajani, mbele ya kigoda cha bibi. Kitupu. Akafungua shati. Kata ilikuwa juu ya mtungi, imejaa. Nikaona maji yanapungua. Hakuna mkono. Hakuna mtu. Halafu kikaja kishindo cha pumzi, na kifua cha mume wangu kikalowa, kahawia, mpaka kitovuni. Hakujifuta. Alikuwa analia, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtoto aliyeogeshwa.

"Hamisa," akasema polepole. "Anasema uje na wewe."

Sikwenda. Wallahi, sikuweza. Nilitoka mbio hadi barabarani, na huko ndiko Mbwana alikonikuta, prufu mkononi. Zilikuwa kavu, nyeupe, na kila kosa limesahihishwa, hata yale ambayo hakuwa ameyafikia. Gregori alizichukua. Kitabu kikatoka, watu wa Korogwe wakakigombea, na Mbwana mpaka leo halali na hofu hata siku moja.

Mimi tumbaku sijawahi kuionja. Lakini tangu siku ile, kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, mdomo wangu huwa umejaa maji. Ya uvuguvugu. Machungu, na ndani yake mna vijiti vidogo vya majani yaliyotafunwa. Nimejaribu kuyatema. Midomo haifunguki. Hufunguka nikishameza, na Mbwana, aliyelala kando yangu, huyasikia yakishuka.